Kambi ya Wasanii Msituni Amani: Niende Kujitolea au Nimsikilize Mama?

Shikamoo Shangazi,

Mimi ni binti wa miaka 25, naishi Mbagala jijini Dar es Salaam pamoja na mama yangu, ambaye ni mama lishe, na wadogo zangu wawili ambao bado wanasoma. Nilisomea sanaa na fani yangu ni batiki. Hupata oda za mashuka, vitambaa vya meza na sare za sherehe, na ingawa kipato chenyewe hakitabiriki, mchango wangu wa kodi ya nyumba haujawahi kukosa.

Mwezi Novemba mwaka jana rafiki yangu mchongaji alinipeleka Amani, katika milima ya Usambara Mashariki, kwenye kambi ya wasanii iliyo kando ya msitu wa hifadhi. Wanaishi humo watu kumi na wanne: wachongaji, wafinyanzi, mpiga zeze mmoja, kijana anayetengeneza karatasi kwa migomba, na wageni wawili watatu wa kuja na kuondoka. Umeme wa TANESCO haujafika huko. Wana paneli mbili za sola na betri moja, ambayo ikifika saa mbili usiku taa zake huanza kufifia. Maji yanatoka kijitoni kwa mpira, chakula kinapikwa kwa kuni, na mtu akitaka kupiga simu hupanda hadi kwenye jiwe moja lililo juu ya shamba la chai.

Nilikaa siku nne, na sijui nikuelezeje, Shangazi. Asubuhi ukungu unaingia mpaka ndani ya kibanda, na sauti za hondohondo unazisikia juu ya miti muda mrefu kabla ya kumwona hata mmoja. Kwenye mwamba unaochuruzika maji niliyaona yale maua madogo ya urujuani ya Usambara, majani yake yana manyoya laini kama sikio la mbuzi mchanga. Nilichora ua hilo mara ishirini, na siku ya pili nikalitia kwenye kitambaa kwa nta na rangi. Kitambaa hicho hakikukauka. Nilikianika siku mbili chini ya paa, nikawa nakigusa kila saa, kikabaki na ubaridi ule ule kiliotoka nao kwenye ndoo, na siku ya kuondoka nikakikunja kikiwa kibichi nikakitia kwenye mfuko wa plastiki. Nilipofika nyumbani kilikuwa na madoa ya kuvu pembeni. Hata hivyo, ndicho kitambaa kizuri kuliko vyote nilivyowahi kutengeneza.

Sasa kiongozi wa kambi amenialika nirudi kujitolea kwa miezi sita kuanzia mwanzoni mwa Machi. Ni mtu mwema, anaishi kwa shida kama wenzake, na sijaona dalili kwamba ni tapeli. Amenitumia karatasi moja ya masharti, nami nimeiambatisha. Nitafanya kazi za kambi, yaani bustani, jiko na ujenzi wa ukumbi wa maonyesho, kuanzia saa moja asubuhi hadi saa sita, na tena saa nane hadi saa kumi na moja jioni, siku sita kwa wiki. Nitachangia shilingi 120,000 kwa mwezi kwa ajili ya chakula. Muda wa sanaa yangu utakuwa ni baada ya kazi. Mwisho imeandikwa kwamba kazi zote za sanaa zitakazotengenezwa na mtu anayejitolea akiwa kambini ni mali ya kambi, na kambi inaweza kuzitumia kwa namna yoyote.

Mama amekataa katakata. Anasema hakunisomesha ili nikabebe matofali ya watu porini bila mshahara, tena nikiwalipa. Nilipomwambia kwamba kibanda cha wasichana kimewekewa kanga badala ya mlango, aliacha kula. Nikiomba masharti yabadilishwe naogopa nafasi atapewa mwingine, na nikikaa Mbagala naona nitaendelea kutengeneza sare za sherehe mpaka nizeeke. Nimefikia hatua ya kufikiri niondoke bila kumuaga. Nifanyeje?

Mchora Batiki, Mbagala

---

Marahaba, mwanangu.

Nimeisoma barua yako pamoja na karatasi ile ya masharti, na jina la kambi nimeliondoa kwa sababu hakuna haja ya kumwanika mtu ambaye hata wewe unamwona kuwa mwema. Nianze na hilo la kuondoka bila kuaga: usilifanye. Nitarudi kwa mama yako baadaye, lakini kwanza nataka tuhesabu saa pamoja, kwa sababu naona hapo ndipo tatizo lako lilipojificha, na si kwenye msitu wala kwenye giza.

Saa moja hadi saa sita ni saa tano, na saa nane hadi saa kumi na moja ni saa tatu. Kwa siku sita utakuwa umefanya kazi saa 48 kwa wiki. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inaweka ukomo wa saa 45 za kawaida kwa wiki kwa mwajiriwa, na huyo ni mtu anayelipwa mshahara, na akizidisha hulipwa saa za ziada. Wewe hutakuwa mwajiriwa, na siitaji sheria hiyo ili ukamshtaki mtu. Naitaja ili uone kwamba unaombwa kutoa bure zaidi ya kile ambacho nchi inakiona kuwa kinamtosha mtu anayelipwa, kisha utoe na shilingi 720,000 katika miezi sita.

Kutoa jasho ili kupata chakula na mahali pa kulala si jambo baya, wala halikubuniwa Amani. Huko Uingereza, mwaka 1971, ulianza mpango ambao leo unajulikana duniani kwa jina la WWOOF, wa kuwapeleka watu wa mjini kwenye mashamba ya kilimo hai, wakafanya kazi na kupewa chakula na malazi. Tangu hapo mashamba, kambi na jumuiya nyingi zinazopokea watu wa kujitolea zimezoea kuomba saa nne hadi sita kwa siku, na chakula na malazi ndiyo malipo yenyewe. Kambi yako inataka saa nane na pesa ya chakula juu yake. Kwa maoni yangu mojawapo lazima liondoke, ama saa zipungue au mchango ufutwe, na kwa upande wako mimi ningepigania saa.

Sababu ni mwanga. Nilipokuwa kijana nilifundisha shule ya msingi katika milima hiyo kwa miaka miwili, na ninakumbuka jinsi jua linavyozama huko. Kwenye ramani linazama baada ya saa kumi na mbili jioni, lakini chini ya miti mirefu, kwenye bonde, saa kumi na moja na nusu tayari mtu anainua daftari karibu na uso ili aweze kusoma. Wewe utamaliza kazi ya kambi saa kumi na moja, unawe, upumzike kidogo, na giza liwe limeshaingia. Taa nazo, kwa maelezo yako mwenyewe, huanza kufifia saa mbili. Utachora saa ngapi? Utatofautisha vipi rangi mbili za kijani kwa taa ya sola inayokaribia kuzima? Karatasi inasema muda wa sanaa ni baada ya kazi, lakini baada ya kazi hakuna mchana uliobaki, na msanii wa rangi asiyepewa mchana hajapewa kitu. Sidhani kama kiongozi wa kambi alikusudia hivyo. Mchongaji anaweza kupapasa gogo lake hata gizani, na huenda aliyepanga ratiba hiyo ni mchongaji.

Kwa hiyo mwandikie, kwa heshima na bila kumlaumu, kwamba utafanya kazi ya kambi kuanzia saa moja hadi saa sita mchana kwa siku tano, ambazo ni saa 25 kwa wiki, na kuanzia mchana huo hadi jioni uwe kwenye kitambaa chako. Akisema ukumbi lazima uishe haraka, utakuwa umejua kwamba alikuwa akitafuta kibarua, na hilo ni afadhali ulijue ukiwa Mbagala.

Kuhusu kuanza Machi, hapana. Masika inaanza mwezi huo na kuendelea hadi Mei, na Amani hupata mvua ya karibu milimita 2,000 kwa mwaka. Kama kitambaa chako kilikataa kukauka mvua za vuli, wakati wa masika ndiyo kabisa. Barabara ya kupanda kutoka Muheza huwa utelezi mtupu, paneli za sola hushinda chini ya mawingu, na kila kitu chenye nyuzi hunyonya maji. Sisi tulikuwa tunahifadhi viberiti kwenye kopo lenye mchele mkavu, na daftari za watoto zilijikunja pembeni kama majani ya mgomba. Omba uanze Juni mvua zikishapungua. Ni kipindi cha baridi, kwa hiyo utahitaji sweta na blanketi zito ambavyo Mbagala huna sababu ya kuwa navyo, lakini angalau utafanya kazi. Miezi sita pia ni mingi kwa mara ya kwanza. Omba mitatu, Juni hadi Agosti, na uongeze mkipendana. Ukifika, watafute wakulima wa iliki wa vijiji vya jirani uwaulize wanavyokausha mazao yao katika ukungu ule, maana wamepambana na tatizo lako kwa miaka mingi kabla yako.

Kuna jambo ambalo wewe hukuliuliza nami siwezi kuliacha. Batiki ina kostiki na haidro, zile kemikali kali za kutia rangi, na maji ya rangi lazima yamwagwe mahali. Vijito vya milima hiyo huingia mto Zigi, na Zigi ndio unaolijaza bwawa la Mabayani linalolipatia maji Jiji la Tanga, bila kuhesabu wanavijiji wanaochota njiani. Nyumbani unamwaga kwenye karo na hufikirii tena. Kule huwezi. Ukitaka kutia rangi, chimba shimo la kunyonya maji mbali na kijito na juu ya ardhi isiyotuama, tia kidogo kidogo, au fanya michoro na majaribio ya nta huko na kazi ya ndoo uifanye ukirudi mjini. Vilevile uliza kuni zinatoka wapi. Msitu wa Amani ni hifadhi ya mazingira asilia tangu 1997, nao ulikuwa wa kwanza nchini kupewa hadhi hiyo. Uko chini ya Wakala wa Huduma za Misitu, na anayekutwa na gogo bichi bila kibali hana utetezi wa kusema yeye ni mtu wa kujitolea tu. Nta inataka moto kutwa nzima, hivyo wewe ndiwe utakayekuwa mlaji mkubwa wa kuni kambini.

Sasa nije kwenye sharti la mwisho, ambalo limenikosesha usingizi zaidi ya kanga ile ya mlangoni.

Kwa mujibu wa Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya 1999, haki ya kazi ya sanaa ni ya aliyeiunda tangu siku alipoiunda, hata kabla ya kuisajili popote. Kujitolea hakukuondolei haki hiyo. Kinachoweza kukuondolea ni kusaini karatasi kama hii uliyotumiwa. Nawe uelewe kwamba kitambaa ni kitu kimoja na mchoro ulio juu yake ni kingine. Unaweza kuiachia kambi vitambaa viwili vya kutundika ukumbini kama shukrani, na jambo hilo ni la kiungwana, huku haki ya kuchapa ua lile kwenye khanga, kadi au mkoba ikibaki yako. Lakini maneno "mali ya kambi, kwa namna yoyote" yanachukua vyote viwili kwa pamoja, pamoja na michoro yako ishirini ya daftarini.

Na ua lenyewe ulilolichagua lina habari yake. Mwaka 1892 Mjerumani aliyekuwa mtawala wa wilaya ya Tanga, Baron Walter von Saint Paul-Illaire, alilikuta katika milima hiyo, akapeleka mbegu kwa baba yake Ujerumani, na mwaka uliofuata wanasayansi wakalipa ua jina la ukoo wake, Saintpaulia. Likaenea dunia nzima likiuzwa kwenye vyungu vya madirishani, na hadi leo mamilioni ya watu wanalimwagilia maji bila kujua kuwa kuna Wasambaa waliolipita kila siku wakienda mashambani. Sitaki mchoro wako utoke kwenye mwamba ule kwa njia hiyo hiyo. Andika sharti mbadala kwa maneno mepesi: haki zote za kazi nitakazobuni zitabaki zangu; kambi itapewa kazi mbili nitakazochagua mimi kwa ajili ya kuonyeshwa, jina langu likiandikwa chini yake; matumizi mengine yoyote yataombwa kwa maandishi. Kabla ya kuondoka, piga picha kila ukurasa wa daftari, na kazi zile unazozithamini ukazisajili COSOTA, ofisi ya hakimiliki ya Tanzania, ili uwe na ushahidi.

Tuje kwa mama. Mwanangu, mama yako aliacha kula kwa sababu alimwona mtoto wake wa kike amelala nyuma ya kipande cha nguo katikati ya watu asiowajua, na hapo yuko sahihi kabisa. Mlango wa mbao wenye komeo la ndani si anasa. Waambie kambi kwamba hutapanda basi mpaka uwe umewekwa, na kama tatizo ni pesa, mchango wako wa mwezi wa kwanza utumike kununua mbao na bawaba. Uliza pia choo kiko umbali gani na kibanda chenu, nani ana tochi usiku, na msichana akisumbuliwa anamwambia nani ambaye si rafiki wa aliyemsumbua. Ongea na msichana mwingine aliyekwisha kukaa hapo kwa kujitolea, naye awe ameshaondoka, maana aliyeondoka husema bila kuogopa.

Ukishapata majibu, usimpelekee mama ombi, mpelekee mpango. Mwambie tarehe ya kwenda na ya kurudi. Mwachie kodi ya miezi mitatu kabla ya kuondoka, na kwa kuwa umebakiwa na miezi kadhaa hadi Juni, zile oda za sare unazozichoka ndizo zitakazokupa pesa hiyo, kwa hiyo zipokee zote. Ukifika, jitambulishe ofisi ya kijiji ukiwa na kitambulisho chako, uchukue namba za mwenyekiti na mtendaji umtumie mama, na mpatane siku mbili za wiki ambazo utapanda kwenye jiwe lile la simu saa ileile. Chandarua uwe nacho, na ukipata homa usingoje ipite yenyewe. Muheza ina malaria, na kushuka kutoka mlimani na homa kali, usiku, kwenye barabara ile, ni jambo ambalo niliwahi kulifanya na sitamani mtu mwingine alifanye. Kambi ikutajie mapema gari au pikipiki ya dharura na zahanati iliyo karibu.

Ikiwezekana, mwende naye. Nauli ya mama mmoja hadi Muheza na kurudi si kubwa kuliko ugomvi mlio nao sasa. Mama lishe ataliangalia jiko la watu kumi na wanne kwa dakika tano na kuniambia mambo kuhusu kambi hiyo ambayo mimi na wewe hatungeyaona kwa wiki nzima.

Unaogopa kwamba ukiomba mabadiliko watamchukua mwingine. Inawezekana. Lakini angalia wanachokipata kwako: kambi ya wachongaji na wafinyanzi isiyo na mtu wa nguo hata mmoja. Mimi naamini kwamba unapaswa kwenda. Madoa yale ya kuvu uliyoyavumilia kwenye kitambaa bora ulichowahi kutengeneza yameniambia hivyo kuliko sentensi nyingine yoyote ya barua yako. Tuma masharti yako wiki hii, yawe manne tu: saa 25, kuanza Juni, haki za michoro, na mlango. Wakikubali kwa mdomo, omba yaandikwe na kusainiwa na kiongozi wa kambi mbele ya mtendaji wa kijiji, kisha unitumie nakala niisome kabla hujakata tiketi.

Shangazi